Usimamizi wa Mradi wa Programu: Ulipe, Ukate, au Uufanye Mwenyewe?

Profoma ya kampuni ya mifumo ikifika mezani, kuna mstari mmoja ambao kalamu ya mwenye fedha huukimbilia kabla ya mingine yote. Umeandikwa "usimamizi wa mradi", na mbele yake kuna kiasi ambacho aghalabu kimekadiriwa kwa asilimia ya gharama nzima. Kuchora kurasa mteja anakuelewa, kuandika programu anakuelewa, kuweka mfumo kwenye seva anakuelewa. Lakini meneja wa mradi haandiki programu wala hachori ukurasa wowote. Basi mstari unakatwa, mkataba unasainiwa, na kazi inaanza bila mtu wa kuishika.

Kuna nyakati ambapo kukata mstari huo ni uamuzi sahihi kabisa. Kuna nyingine ambapo ndiyo akiba itakayokugharimu kuliko matumizi yote ya mwaka. Tofauti yake inaonekana kwa hesabu, na hesabu yenyewe inafanyika kwenye kikokotoo cha simu.

Tuchukue SACCOS ya walimu inayotaka mfumo ambao mwanachama ataona akiba na mkopo wake kwenye simu, na kulipa rejesho kwa simu hiyohiyo. Kazi inahitaji watengenezaji wa programu watatu kwa miezi minne. Tuseme kila mmoja analipwa shilingi 2,500,000 kwa mwezi. Hizi ni namba za mfano tu ili hesabu ifuatike. Weka za mji wako, uwe Arusha, Nairobi au Kigali, na uone uwiano unavyokuja. Timu hii inakula 7,500,000 kwa mwezi, na kwa miezi minne ni 30,000,000. Ya kushika kichwani ni ile 7,500,000, kwa kuwa ndiyo bei ya mwezi mmoja wa kuchelewa. Kila siku ya kalenda inayopotea ni shilingi 250,000.

Siku hizo hupotelea wapi? Ni mara chache zinapotelea kwenye ugumu wa teknolojia. Tazama kazi moja ndogo. Mwanachama anakatwa rejesho la mkopo kwenye mshahara kila mwisho wa mwezi. Tarehe 20 amepata fedha kidogo, akalipa rejesho hilo kwa simu. Tarehe 30 makato ya mshahara yakaja kama kawaida. Sasa amelipa mara mbili. Mfumo ufanye nini? Upunguze deni lake, upeleke ziada kwenye akiba, au umrudishie fedha? Mtengenezaji wa programu hana mamlaka ya kujibu, maana hilo ni suala la masharti ya chama. Anauliza kwenye kundi la WhatsApp saa nne asubuhi. Mhasibu yuko benki. Katibu anaandika "tutalijadili". Hadi jioni swali limeshafunikwa na taarifa ya msiba na michango ya harusi.

Wiki inapita. Kijana anachagua njia iliyo nyepesi kwake na kuendelea na kazi, kwa sababu na yeye anadaiwa. Siku ya majaribio, miezi miwili baadaye, mhasibu anatazama skrini na kusema sivyo wanavyofanya. Kurekebisha wakati huo kunagusa hesabu za riba, ripoti za mwezi na taarifa za wanachama ambazo zimeshaingizwa. Jibu ambalo lingepatikana kwa dakika kumi limegeuka kazi ya wiki tatu, yaani shilingi 5,250,000 kwa bei zetu za mfano.

Meneja wa mradi anayeijua kazi yake angempigia mhasibu siku ileile: "Shikamoo mama. Naomba jibu la jambo moja tu kabla ya saa kumi, mwanachama akilipa mara mbili ile ziada iende wapi?" Kisha angeandika jibu, jina la aliyelitoa na tarehe, mahali ambapo kila mtu atalikuta. Hiyo ndiyo huduma unayouziwa kwenye ule mstari: maswali kujibiwa mapema na mtu mwenye mamlaka, majibu yasipotee, na kila kazi iwe na mwenyewe.

Ubora wa huduma hiyo unaweza kuupima hata wewe usiyejua kompyuta. Omba kuona namna kazi zilivyoandikwa. Kadi ya kazi iliyoandikwa "mwanachama aone salio" imeandikwa na mtu anayejaza nafasi. Kadi nzuri husomeka hivi: "Mwanachama akiweka namba yake ya siri, aone salio la akiba, salio la mkopo na tarehe ya rejesho lijalo. Mtandao ukikatika, aone salio la mwisho pamoja na saa lilipochukuliwa. Akikosea namba ya siri mara tatu, akaunti ifungwe hadi apige simu ofisini." Kwa kadi hii mhasibu anaweza kukaa na simu mkononi na kusema kazi imekwisha au haijakwisha. Kwa ile ya kwanza, watu wawili watabishana mwezi mzima na wote wawe na haki.

Kuna pia kazi zisizohusu programu hata kidogo lakini zinaweza kuizuia isitoke. Kufungua akaunti ya kuweka programu kwenye Google Play ni dola 25, unalipa mara moja. Kwa Apple ni dola 99 kila mwaka. Fedha hizo si tatizo. Tatizo ni kwamba Google inataka programu za huduma za fedha zitoke kwenye akaunti ya taasisi, na akaunti ya taasisi inadai namba ya utambulisho iitwayo D-U-N-S, ambayo kuipata kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya kuna yao ya mwaka 2019, na zote zinamgusa anayekusanya taarifa za wanachama. Kuna mkataba na kampuni ya simu kwa ajili ya kupokea malipo. Mtu aliyeyapanga haya wiki ya kwanza hayamsumbui. Pasipokuwepo mtu wa kuyapanga, yanaibuka wiki ya mwisho, timu nzima ikiwa imekaa inangoja. Na hapo ndipo mtu anasema, "Tuiweke kwa muda kwenye akaunti yangu." Ukikubali, programu ya chama chako inakuwa mali ya jina la mtu mwingine, na siku mkigombana utaijua bei yake.

Sasa tuingie kwenye machaguo, kwa bei zilezile.

La kwanza ni kusimamia mwenyewe. Profoma inabaki 30,000,000. Gharama yako ni muda: kwa timu ya watu watatu tenga angalau saa nane kila wiki, na kwa miezi minne hiyo ni zaidi ya saa 130. Saa hizo ziwe za kweli, zenye siku maalumu, mathalani Jumatatu asubuhi kupanga kazi za wiki na Ijumaa mchana kuona zilizokamilika. Anayejenga nyumba Kibaha huku anaishi Mwanza anajua kinachompata anayesimamia kwa kupiga simu akikumbuka. Chaguo hili linamfaa mwenye mamlaka ya kuamua papo kwa papo: mwenye duka lake, mkuu wa shule binafsi, mmiliki wa zahanati. Halimfai anayelazimika kusubiri kikao cha bodi kwa kila jambo, labda bodi impe kwanza madaraka kwa maandishi.

La pili ni kumpa usimamizi mmoja wa watengenezaji, kwa kawaida yule hodari kuliko wenzake. Wengi wanalipenda kwa kuwa kwenye karatasi halina bei. Bei ipo. Akitumia theluthi moja ya muda wake kwenye simu, vikao na ripoti, timu imebaki na nguvu ya watu wawili na theluthi mbili. Kazi iliyohitaji miezi minne sasa inahitaji minne na nusu, na ile nusu ni 3,750,000. Jumla imekuwa 33,750,000. Juu ya hayo umemtoa aliye bora kwenye kazi anayoiweza na kumtia kwenye kazi ambayo huenda haipendi. Kuandika programu kunahitaji saa ndefu zisizokatizwa, na msimamizi hukatizwa kila baada ya dakika chache. Mtu mmoja kubeba yote mawili ni kumwonea. Kama timu ni ya watu wawili, sawa, wataelewana. Wakifika wanne, chaguo hili linaanza kuuma.

La tatu ni kulipa ule mstari wa kampuni. Tuseme ni asilimia 15: 4,500,000, jumla 34,500,000, na kama kampuni imesajiliwa VAT, kodi inaongezwa juu yake. Kiasi hiki kinajilipa kama meneja atakuokolea siku 18 za kuchelewa. Kwa meneja mzuri siku 18 ndani ya miezi minne si nyingi. Lile swali moja la malipo ya mara mbili limekula 21. Lakini mtu huyu ameajiriwa na anayekuuzia. Siku maslahi ya kampuni na yako yakigongana, kwa mfano kampuni ikitaka kukukabidhi mfumo haujakomaa ili idai malipo ya mwisho, usitegemee asimame upande wako. Si kwamba ni mtu mbaya. Mshahara wake unatoka huko. Jambo jingine la kuchunguza ni mzigo alionao. Meneja mwenye miradi minane hana muda wa kumfuatilia mhasibu wako. Atakuwa mtu wa kuhamisha ujumbe: unachomwambia anakituma kwa kijana, anachojibu kijana anakutumia wewe. Kwa kazi hiyo WhatsApp inatosha.

La nne, ambalo wateja wengi hawajui kama lipo, ni kumwajiri mtu wako wa muda. Meneja wa mradi anayelipwa 3,000,000 kwa mwezi, ukimchukua siku mbili kwa wiki, ni 1,200,000, na kwa miezi minne 4,800,000. Jumla ni 34,800,000. Linganisha na lile chaguo la "bure" la kumtwika mtengenezaji: tofauti ni 1,050,000 tu, na umebaki na timu yako kamili pamoja na mtu anayekaa upande wako wa meza. Huyu anasoma mkataba kabla hujasaini, anakagua kazi kabla hujalipa, na anathubutu kusema "hii haijakwisha" kwa sababu hakuna anayemtishia ajira. Kasoro yake ni kwamba siku tatu nyingine za wiki hayupo, hivyo ndani ya ofisi lazima awepo mtu mmoja wa kujibu maswali ya dharura.

La tano ni meneja wa kudumu, 12,000,000 kwa miezi yote minne, jumla 42,000,000. Ili ajilipe kwa timu ya watu watatu, lazima aokoe siku 48. Kwa mradi wa siku 120 hilo ni gumu kuliamini. Lakini badilisha idadi ya watengenezaji, wawe tisa. Mwezi mmoja wa timu sasa ni 22,500,000, na meneja yuleyule wa 12,000,000 anajilipa akiokoa siku 16. Mtu yuleyule, mshahara uleule. Ukubwa wa timu ndio uliogeuza jibu.

Ukubwa una nguvu hiyo kwa sababu ambayo Frederick Brooks, aliyeongoza utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta za IBM System/360, aliieleza tangu mwaka 1975 katika kitabu chake The Mythical Man-Month. Watu wakiongezeka, njia za mawasiliano kati yao huongezeka kwa kasi kubwa zaidi. Watu wanne wana njia sita. Watu kumi wana 45. Brooks alifikia hitimisho ambalo bado linawashangaza wanaolisikia mara ya kwanza: kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa sababu wageni wanahitaji kufundishwa na walewale waliozidiwa na kazi. Kwa hiyo kampuni ikikwambia, "Tumechelewa, tutaongeza vijana wawili," usishukuru haraka. Uliza nani atawafundisha, na kazi yake ataifanya nani.

Wingi wa pande zinazohusika unauma hata kuliko wingi wa watu. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov ili wananchi wanunue bima ya afya. Wakandarasi walikuwa 55. Wakala wa serikali uliosimamia kazi ulijipa wenyewe jukumu la kuunganisha sehemu zote, bila kuwa na uzoefu wa kazi ya aina hiyo. Siku ya kwanza waliofanikiwa kukamilisha kujiandikisha walikuwa sita, kwa mujibu wa nyaraka zilizotolewa baadaye na kamati ya Bunge. Wataalamu hawakukosekana, na fedha hazikukosekana. Mwishoni mwa mwezi uleule serikali iliteua kampuni moja kuwa mwangalizi wa kazi nzima, na kufikia Desemba tovuti ilikuwa inafanya kazi kwa watu wengi. SACCOS haina wakandarasi 55, lakini ina kampuni ya mfumo, kampuni ya simu, benki, mwajiri anayekata mishahara na msimamizi wa kisheria. Pande tano, na kila moja ina uhakika kwamba kosa liko kwa mwenzake.

Utakutana pia na kampuni itakayokwambia kwamba siku hizi hakuna mameneja, wao wanafuata utaratibu wa kazi uitwao Scrum. Wana hoja. Mwongozo rasmi wa Scrum, toleo la 2020, unataja nafasi tatu tu: mmiliki wa bidhaa, msimamizi wa utaratibu wa Scrum, na watengenezaji. Meneja wa mradi hamo. Lakini kazi yake haikuyeyuka. Imegawanywa, na sehemu nzito, ile ya kuamua kipi kianze na kipi kingoje, ameachiwa mmiliki wa bidhaa. Mara nyingi mmiliki huyo anayetajwa ni wewe mteja, na hakuna aliyekwambia. Uliza mapema: mmiliki wa bidhaa ni nani kwa jina, na anatarajiwa kutoa saa ngapi kwa wiki? Ukigundua ni wewe, basi umerudi kwenye chaguo la kwanza, na bei lazima ishuke.

Kuhusu vyeti, usivilipie zaidi ya thamani yake. PMP inatolewa na taasisi ya PMI ya Marekani, na mwenye shahada hudaiwa miezi 36 ya kuongoza miradi na saa 35 za mafunzo kabla ya kukaa kwenye mtihani. Walau inathibitisha kwamba mtu amewahi kushika kazi. PSM I ya Scrum.org ni maswali 80 kwa dakika 60 mtandaoni, na haidai uzoefu wowote. Kijana mwenye bidii aliyemaliza chuo jana anaweza kuipata. Zote mbili haziwezi kukwambia kama mtu anathubutu kukupa habari mbaya mapema. Hilo linapatikana kwa kumpigia mteja wake aliyepita na kumuuliza: mradi ulipokwama, ulijua kwa nani, na siku ngapi baada ya kukwama?

Vifaa havipaswi kukugharimu kitu. Jira ni bure kwa timu isiyozidi watu kumi, Trello ina kiwango cha bure, na jedwali la kawaida lenye safu ya kazi, mhusika, tarehe na hali linatosha miradi mingi midogo. Profoma yenye mstari wa "programu ya kusimamia mradi" kwa timu ya watu watatu, huo ukate bila kusita.

Utasema umesaini bei moja isiyobadilika, kwa hiyo wakichelewa hasara ni yao. Kwenye karatasi ni kweli. Kwa vitendo, kampuni iliyoanza kula hasara kwenye kazi yako huwahamisha wataalamu wake kwa mteja anayelipa leo, wewe ukaachiwa kijana wa mafunzo kwa vitendo. Na kila badiliko utakaloomba litaandikiwa bei yake. Kinga yake ni kulipa kwa hatua zinazoonekana, asilimia fulani mwanachama akiweza kuona salio, nyingine malipo ya simu yakiingia na kusomeka, na sehemu ya mwisho isitoke hadi mhasibu wako afunge hesabu za mwezi mmoja mzima ndani ya mfumo mpya. Lakini mtu wa kuthibitisha kila hatua lazima awepo, na mkataba umtaje.

Basi hukumu yangu ni hii. Watengenezaji wasiozidi watatu, ofisi moja, na wewe mwenyewe una mamlaka na saa nane za wiki: kata mstari, simamia mwenyewe. Timu ni hiyohiyo lakini kuna benki, kampuni ya simu na bodi ndani yake: mwajiri mtu wako wa siku mbili kwa wiki, na mwanzishe kabla ya kusaini mkataba. Meneja wa kudumu msubirishe hadi timu ikaribie watu wanane au tisa. Mstari wa kampuni ulipe tu kama wamekupa jina la meneja, idadi ya miradi aliyonayo sasa na kadi tatu za kazi alizoandika. Wakishindwa kukupa vitu hivyo vitatu, ukate, na fedha yake usiirudishe mfukoni: ndiyo ya kumlipa mtu atakayekaa upande wako.